Usingizi wa Pono

Bando lilibaki la dakika arubaini.
Nikamwambia Nyanya: njoo, nikupeleke hifadhi ya bahari.
Akayatazama magoti yake, kisha mlango.
"Kwa miguu ya nani?"

Nikaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi.
Ramani ikafunguka polepole, kama mtu aliyeamshwa:
Nyali hii, Bamburi hii, na mbele yake
mstari wa buluu unaosema humu havuliwi kitu.
"Hapo? Hapo si nyuma ya ukuta wa hoteli?"
Bi Mwanatumu, miaka thelathini na mmoja akikaanga samaki Mlaleo,
na maji yale hajayaingia kupita vifundo.

Nikabonyeza. Tukazama sote wawili
bila kulowa.

Yakaja matumbawe, na ufa wa kioo ukipita kati yake.
Kidole chake chenye kovu la mafuta kikaigeuza bahari,
kushoto, kulia, juu hadi kwenye mwanga.
"Huyo changu. Huyo tafi, ana miba, mwone anavyojidai.
Kangaja. Na yule…"
Akasogeza uso hadi pumzi ikatia ukungu kwenye kioo.
"Yule simjui akiwa na rangi."

Nikamsomea: jina la Kilatini, refu kama risiti,
anachokula, kina anachokaa.
Penye jina la Kiswahili, kistari.
Kistari tu.
"Ni pono, jamani! Waandikie.
Waambie na nyama yake laini, ndimu isizidi."
Nikaandika. Ya ndimu pia niliiandika.

Chini yake palikuwa na video ya usiku.
Sauti ya binti mtafiti ikanong'ona
kwamba pono akitaka kulala hujifumia utando kwa ute wake,
akajifunika gubigubi,
na taa ya mpiga mbizi ikamulika, ikamulika,
asitikisike hata pezi.

Nyanya akashika kifua kwa kicheko.
Tangu nikiwa darasa la kwanza, kila alfajiri, mlangoni pangu:
"Amka we! Usingizi wa pono huo!"
Kaupokea kwa mamake, na mamake kwa nani, hajui.
Msemo ulikaa nyumbani kama sufuria kuukuu,
tunaupikia, hatuulizi nani aliufua.

"Kumbe kuna mtu alimwona," akasema, sasa hacheki.
"Zamani. Usiku. Alishuka na nini mkononi?"

Sikuwa na jibu, wala simu haikuwa nalo.
Picha ikaganda, kiduara kikaanza kuzunguka
juu ya samaki aliyelala.
Nikanyoosha mkono nijaribu tena.
"Mwache," akasema. "Usimwamshe."

Asubuhi jua lilinikuta kitandani, saa mbili imepita.
Mlango ulikuwa wazi, harufu ya mafuta ya moto imejaa ukumbini,
na chandarua, upande ule ambao huchomoka kila usiku,
kilikuwa kimechomekwa chini ya godoro.