Bibi Ludmila wa Isevya

Afisa wa stesheni ya Tabora aliandika: mwanamke, mkimbizi, hana kwao.
Kuhusu kasri hakuuliza.

Mihayo, fundi wa breki za mabehewa, alipomposa
mahari ilikosa wa kuipokea.
Akamkabidhi mwenyewe bibi harusi mkononi:
kamba ya mbuzi, jembe,
mzinga mmoja wa mninga.

Kito cha kwanza cha taji kilileta cherehani.
Cha pili, mabati.
Cha tatu hakitaji;
ila mwaka ule homa ilimwacha Kulwa
ikaondoka na Doto.

Taji limebaki waya, duara tupu.
Hutandaza kitambaa juu yake, akachuja asali.
Watoto wa mtaa wakimwita Malkia
hunyoosha kidole kwenye mzinga:
"Yumo humo. Msimpigie kelele."