Rufaa ya Pili

Barua yao iliingia kwenye simu yangu Jumatatu
kwa kuwa gari limeandikwa jina langu:
riyali ishirini na tano.
Picha mbili. Moja ya namba kwa nyuma,
moja ya kioo cha mbele, na juu ya kioo
jua la mwezi wa nane limejilaza kama mwenye nyumba.
"Kadi ya ruhusa haikuonekana."

Haikuonekana, kweli.
Gundi iliyeyuka, kadi ikaanguka kifudifudi
baina ya kiti na breki ya mkono.
Niliiokota tuliporudi, ina moto kama chapati.

Lakini mjomba Mundhir alionekana.
Walinzi wawili wa jengo lile la Al-Khuwair
walinitazama nikimteremsha,
mlango wazi mpaka mwisho, kiti cha magurudumu kimekunjuliwa,
mguu wa suruali umekunjwa juu ya kigutu, pini mbili.
Mmoja alimshikia fimbo.
Lifti ilikuwa mbovu. Tukangoja ile ya mizigo
pamoja na majokofu mawili
na kijana wa Kibangali aliyempisha mjomba kwanza.
Daktari wa macho alimtazama dakika sita.
Sisi tulimaliza saa mbili.

Usiku nikaandika rufaa. Kazi hii naijua,
nusu ya majirani wa Mabela nimewaandikia.
Nikatia sukari, nikatia upasuaji,
nikatia miaka thelathini na mmoja ya basi la shule
bila mtoto kukwaruzika.
Nikatia "mzee wetu asiyejiweza".
Kisha nikamsomea kwa Kiswahili,
maana Kiarabu cha barua, asema, hutoka kimevaa jambia.

Akamega halua. Akairudisha sahanini.
"Asiyejiweza nani?"

Nikakohoa.

"Na picha hii?"
Picha ya kigutu. Nilimpiga amelala.
"Kadi ni ile ya buluu, mwanangu.
Mguu wangu hawakuuchapa wao. Hauna muhuri."

Nikafuta. Akaomba kalamu,
na nyuma ya bahasha ya dawa akaandika
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
kama alivyofunzwa na bibi yake kule Wete:

*Kwa wenye uwanja huu, nawaletea salamu,*
*Siji kwenu kwa makuu, wala siombi karamu,*
*Nina mmoja mguu, nao umenigharimu,*
*Nilipokaa ni haki, si huruma nawambia.*

"Hii hawataielewa," nikasema.
"Nani kakuuliza? Iambatishe."

Siku kumi na moja.
Jibu likaja, lina nembo, lina nambari ya kumbukumbu:
"Baada ya kuzingatia hali ya mgonjwa,
kampuni, kwa huruma, imefuta faini."
Nikapiga vigelegele pale pale jikoni,
mkewe, Bi Raya, akatoka mbio na unga mikononi
akidhani nimeposwa.

Mjomba akavaa miwani yake mipya.
Akasoma. Akasoma tena, polepole,
kidole kikasimama juu ya neno moja
kama basi mbele ya tuta.

"Huruma ni ya Mungu," akasema.
"Hawa watoe risiti."

Ndiyo sababu, waheshimiwa, nawaandikia mara ya pili.
Hatudai kitu. Riyali mmeziacha, ahsanteni.
Naandika kwa niaba ya mtu aliye hapa, mbele yangu,
mzima wa akili, anayesahihisha nukta zangu.
Tunaomba neno moja lifutwe katika faili,
na pale lilipokuwa paandikwe "kwa haki".
Hilo tu.

Kadi nimeifunga kwa uzi kwenye kioo,
haitaanguka tena.

Na lifti yenu, mjomba anauliza,
imeshatengenezwa?