Aliyenifelisha

Bastola niliinunua kabla ya akili ya kuibeba.
Duka la rehani, Jumamosi ya mvua, Carolina Kaskazini.
Muuzaji akaniambia, "Sasa uko salama, mama."
Nikaiweka juu ya jokofu
na usiku kucha nikaiogopa kuliko yule mtu
aliyenifuata mara mbili kwenye maegesho ya zahanati,
taa ya tatu imekufa,
mimi na ndoo yangu na bunda la funguo.

Basi nikatafuta mwalimu.

Dwight Hulsey alifundishia chini ya kanisa.
Sheria yataka masaa manane; yeye aliuza manne,
na kahawa, na mizaha juu ya wake zake watatu.
Vyeti vilishachapishwa, vimepangwa kando ya biskuti,
majina yetu yamekauka wino
kabla mikono haijashika chuma.
Kule machimboni kijana wa pembeni yangu aligeuka,
bastola mkononi, kuuliza kama amelenga vizuri.
Mdomo wake ukanipita tumboni.
Dwight akacheka.
Cheti changu nilikiacha palepale, na nusu ya biskuti.

Wa pili alinitazama vidole, akasema
mwanamke ni wa bastola ndogo, ikiwezekana ya waridi.
Miaka ishirini na sita nimegeuza wagonjwa
wa kilo mia na ushei kwa vidole hivi.
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaukamata mlango.

Ni karani wa sherifu, akipiga mihuri bila kuinua uso,
aliyenipa swali: "Muulize amewafelisha wangapi."

Nikampigia Ramona Teague, dereva mstaafu wa basi la shule.
Kimya. Mbwa anabweka nyuma yake.
"Mwaka huu? Saba.
Mmoja shemeji yangu. Hatusemezani."

Darasa lake ni banda la matrekta.
Asubuhi nzima hatukugusa risasi hata moja.
Aliuliza: nani ana mjukuu? Ana miaka mingapi?
Anapanda viti?
Nikalikumbuka jokofu langu, aibu ikanipanda masikioni.
Akachora ukuta, na nyuma ya ukuta jirani amelala.
"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema,
"na haya yanapita kwenye mbao."
Tukafundishwa sauti kwanza:
Simama! Rudi nyuma! Sina ugomvi nawe!
Watu tisa tukapayuka mpaka ng'ombe wakaacha kucheua.
"Miguu ndiyo silaha ya mwanzo. Haiombi kibali."
Kisha, bastola tupu, mara hamsini:
inua koti, shika, toa, subiri.
Inua koti, shika, toa,
Verlene, nimesema subiri.

Jioni, zamu yangu ya shabaha.
Karatasi ilikuwa na umbo la mtu, na mimi nikampa uso,
uso wa yule wa maegesho,
kidole kikaingia kwenye kifyatulio kabla sijaamua.
Hakuna aliyeona isipokuwa yeye.
"Weka chini."
Hakupandisha sauti. Watoto arobaini wa basi
walimfundisha kutopandisha sauti.
Kwenye fomu akaandika neno moja: Bado.

Nililia garini, sifichi.
Kisha nikacheka, pua imejaa makamasi,
maana kote nilikopita niliuziwa ujasiri,
na huyu, pesa nimelipa, akaninyima.

Kazi ya nyumbani alinipa mbili.
Kwanza, kasha la chuma lenye kufuli.
Pili, barua kwa zahanati juu ya ile taa.
Nikadhani anatania.

Taa imewaka Jumanne.
Inamulika mpaka kwenye pipa la taka,
na paka wawili ambao sikuwahi kujua wapo.

Jumamosi narudi bandani.
Nimenunua mkanda mgumu, kama alivyosema,
usiolegea kiunoni.
Mjukuu wangu kaujaribu, ukamzunguka mara mbili.
Ufunguo wa kasha uko shingoni mwangu,
nao ni wa baridi kila ninapoinama kupiga deki.