Mpaka Mafuta Yajitenge

Saa tisa na nusu alasiri, Aberdeen, Novemba,
jua limeshafunga duka.
Taa za barabarani zalowesha mawe ya kijivu,
shakwe anagomba peke yake ukingoni mwa paa.
Mimi niko ghorofa ya nne, nafuata kiputo.

Kimoja tu. Gesi ndani ya mafuta,
chapanda katika bomba lisilokuwapo
ila kwenye kompyuta, limekatwa vijumba
laki mbili, elfu sitini na mbili na ushei.
Kila kijumba nakiuliza: una nini?
Chajibu kwa mafungu: robo gesi, thumuni,
nusu na chembe. Hakuna hata kimoja
kijuacho ngozi ya kiputo yapita wapi.
Hiyo naikisia mimi, kwa kistari kilichonyooka
ndani ya kila kijumba, na vistari havigusani,
kama vigae vya fundi aliyeahidiwa kazi kwingine.

Struan, wa meza ya pili, haamini vijumba.
Yeye hutunga shanga,
ushanga kwa ushanga juu ya ngozi yenyewe,
na kila ushanga huenda na mkondo.
Yapendeza, mpaka viputo viwili vikutane:
hapo uzi ukatwe, ufungwe upya,
na Struan hutukana kwa lugha ya bibi yake.

Basi nikahamia kwenye umbali.
Kila nukta nikaipa namba,
hasi kwa ndani, chanya kwa nje,
na penye sifuri ndipo mpaka.
Sikuuchora. Ulijitokeza.
Viputo vikikutana vyaungana bila kuniomba ruhusa.
Usiku huo nililala nikitabasamu.

Asubuhi kiputo kimekonda.
Asilimia tatu ya gesi haipo:
hakikutoboka, hakikupasuka,
imeliwa na desimali.

Dokta Catriona akavuta kiti, akatazama, akaguna.
"Upime umbali upya kila hatua kumi.
Na ujazo, ukaukope kwa vijumba vyako vya zamani."
Vile nilivyovitupa.

Jioni Mwanahawa yuko kwenye simu, Tanga,
mimi na sufuria, na vitunguu vya duka la Mpolandi.
"Kaanga nyanya mpaka mafuta yajitenge."
"Mpaka saa ngapi?"
"Wewe nawe! Si saa. Utaona."

Nikainama, miwani ikaingia mvuke.
Wekundu ukatokota, umeshikana, umeshikana bado,
kisha pembeni, bila kuamriwa na mtu,
uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu.

Miaka sita nausoma mpaka kama mahali.
Nyumbani neno hilo hilo hungoja.

"Umeona?" akauliza.
Nikasema nimeona. Sikumwambia
kwamba kitunguu kimeungua upande mmoja,
wala kwamba huko ghorofa ya nne, gizani,
kiputo kinaendelea kupanda,
na sijui kesho nitakikuta na uzito gani.