Makadirio Matatu

Wa kwanza hakuja. Alitaka nizungushe simu chumba kwa chumba:
kitanda, friji, makochi, haya, inatosha;
na kabla chai haijapoa bei ikaingia,
pauni mia tatu na kumi.
Hakuuliza ngazi.
Huku Walkley nyumba zimeparamia kilima kama mbuzi,
na yangu ina vidato ishirini na vitatu
kabla hujaugusa mlango.

Wa pili alivaa tai. Karatasi yake
ina maandishi madogo kama mayai ya chawa:
bima haihusu vyombo vya udongo,
kusubiri ufunguo hulipiwa kwa saa,
Ijumaa ghali, mwisho wa mwezi ghali zaidi.
Mia sita, na kodi juu yake.

Wa tatu, Dougie, alipanda akihema,
akihesabu vidato kwa sauti; akakosea,
akashuka kuanza upya.
Ndani akaligonga kabati la marehemu Shaibu
kwa kifundo cha kidole.
"Hili halikupita mlangoni. Lilijengwa humu humu."

Kweli. Baridi ya themanini na tisa,
Shaibu na misumari mdomoni
akinifokea nishike ubao, niache kucheka.

"Nitalifungua, au ulikate, au uwaachie wanaohamia."
Mia nne na sabini, akaandika nyuma ya risiti ya mafuta,
na pembeni: kabati, bure, kama kuna chai.

Rahisi inavunja upishi, mama hakuchoka kusema.
Nimempigia Dougie. Nimenunua maziwa.
La kabati
sijamjibu.