Ratili Mbili za Nta

Mimi nilishika mizani ya kinu pale misheni,
nusu siku kwa baiskeli kutoka Malindi,
ng'ambo ya Sabaki, ambako udongo ni mwekundu
na maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu.
Padre alikuwa na kitabu cha ubatizo, jalada la ngozi.
Mimi nilikuwa na daftari la shule
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Kitabu cha Padre kilijaa kina Yohana na kina Tereza.
Daftari langu lilikuwa na watu:
Mbeyu, debe moja, atalipa korosho zikiuzwa.
Kitsao katekista, pishi mbili, husema kesho.
Sista Ernesta, nusu debe, taslimu, na risiti kaidai.
Mganga wa njia panda, aliyekuja kusaga magharibi
kajifunika leso, akidhani sitaijua miguu yake.

Jumamosi kinu kilipoguruma hata rozari ilingoja.
Watoto walinyolewa foleni ikienda.
Nyevu na mke mwenzake, miaka mitatu hawasemezani,
walishikana mikono mara moja kwa juma:
kupandisha gunia.
Wakishalitua, kila mmoja na upande wake.

Badiva alikuja na mbwa wanne.
Wasanye, tuliwaita; yeye akasema, "Sema Waata,"
akasimama hadi nikasema.
Hakuwa na pesa. Alikuwa na nta,
nyeusi, ina miguu ya nyuki ndani,
inanuka moshi wa mwitu wa Dakacha.
Ratili moja, pishi tatu za unga: ndiyo bei tuliyogombania
asubuhi nzima, na kila mwezi tukaigombania upya.

Ile nta Sista aliichemsha, akaichuja kwa shuka kuukuu,
akaimimina katika vikonyo vya mpapai
kama mrija, utambi katikati.
Basi mishumaa ya altare yetu ilikuwa na mafundo ya mpapai,
haikusimama wima hata mmoja.
Kitsao alimuuliza Badiva, lini ataingia kanisani?
"Nikiingia, na mbwa wataingia."
Kitsao akawatazama mbwa. Hakuuliza tena.

Alikufa masika, zahanati, homa ya siku tano.
Wakakaa kikao: azikwe wapi?
Kitsao alisema makaburi ni ya walio kitabuni.
Mbeyu akasema, kitabu kipi?
Padre alifunua kurasa, akazifunga, akafuta miwani.
Nami nikaenda kinuni kuchukua daftari langu,
nikarudi nalo kifuani, limelowa pembeni, nikasoma kwa sauti:
Badiva, nta ratili nne. Badiva, nta ratili moja na robo.
Badiva, anadaiwa pishi sita.
Sikujua nilitaka kuthibitisha nini.
Nilisoma tu, na mvua ilipiga bati wakanisikia nusunusu.

Kikao kilivunjika usiku bila neno.
Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu,
dirisha wazi, shuka limekunjwa vizuri
kuliko wauguzi wetu wanavyokunja.
Ndugu zake walikuja, wakachukua kilicho chao.
Hawakumwuliza mtu. Na nani angewajibu?
Mbwa hatukuwaona tena.

Juu ya mizani yangu palikuwa na bonge la nta
lililofungwa kwa majani ya mkoma.
Nikapima. Nikapima tena, nikamwita Nyevu aone.
Pishi sita ni ratili mbili.
Bonge lilikuwa ratili nne.

Siku hizi kinu ni cha umeme, kijana anapokea kwa simu.
Padre ni mwingine, mishumaa inatoka dukani Malindi, imenyooka.
Lakini kila Januari nafungua daftari jipya,
na kabla sijaandika jina la mtu aliye hai
nahamisha mstari mmoja kutoka la zamani:
Badiva. Anatudai. Ratili mbili.