Mshono wa Nyuma

Evodio haandiki barua.
Hutuma barakoa zilizochanika,
nami hapa Gómez Palacio, chini ya feni mbovu,
nazisoma.

Hii ya Osaka: jicho la kushoto limefumuka,
tone la damu limekauka kama mbegu ya nyanya.
Alipigwa kiwiko. Alishinda, nadhani,
maana kamba za kisogoni bado zina fundo langu,
na fundo langu hajui kulifungua mtu
ila yeye na mimi.

Hii ya Sapporo inanuka dawa ya kuchua.
Hii ya Hamburg imetoboka puani;
ukumbi ulikuwa mtupu, aliniambia kwa simu,
watu arobaini na mbwa mmoja,
na mbwa ndiye aliyeshangilia.

Kwenye mabango ni Mjusi wa Chokaa.
Kwenye pasipoti ni kipara mwenye kikohozi
ambaye ofisa wa uwanja wa ndege humgongea muhuri
huku akimwuliza mwenziwe:
Mjusi anatua lini?

Wanasema uso umeumbwa na haya.
Wa kaka yangu niliuumba mimi,
kwa satini ya peso sitini na uzi wa viatu.

Jana kimefika kifurushi kutoka Nagoya.
Barakoa nzima, haina hata mkwaruzo.
Fundo limefunguliwa taratibu, halikukatwa.
Nimeigeuza nje ndani:
unywele mmoja, mweupe.

Sikumpigia.
Nimechomoa uzi sindanoni,
nikatoka kuulizia bei ya mbuzi mchanga.